Nilipanda mlima Moro kutafuta maji, nikamkuta mjomba

Jamani wasomaji wangu, wiki hii sina habari za harusi, wala za nani kaachana na nani. Wiki hii miguu inaniuma. Vigimbi vimekaza kama vya mtu aliyecheza kwaito usiku kucha, na kushuka ngazi za daladala nashuka kinyumenyume kama bibi kizee. Makonda wananicheka. Wacheke tu.

Nilikuwa Morogoro, mji kasoro bahari. Tena sikwenda kula nyama choma wala kupiga picha njia panda ya Msamvu. Nilikwenda kufuata mto asubuhi na mapema, nikaufuata mpaka ukanipandisha mlima.

Kilichonipeleka ni bomba. Ndiyo, bomba la maji la nyumba ninayopanga hapa Sinza. Wakazi wa Dar mnanielewa. Mnaikumbuka Oktoba ya mwaka 2022, mvua zilipokataa, mto Ruvu ukapungua mpaka jiji zima likaingia kwenye mgawo? Mabishoo walibeba madumu, na wenye magari ya maana wakapanga foleni na sisi wenye toroli. Tangu siku hizo bomba likikohoa kidogo tu, nyumba nzima tunatoka mbio na ndoo, mwingine na kanga moja, mwingine na povu la sabuni usoni.

Siku moja tuko kwenye foleni ya ndoo, nikamuuliza shoga yangu, "Hivi haya maji yanaanzia wapi?"

Akanijibu, "Yanaanzia kwa mwenye nyumba, akiamua."

Mama yangu ni Mluguru. Toka nikiwa mdogo anatuambia, "Maji mnayokunywa yanatoka kwetu." Mimi nikajua ni majigambo ya kikabila tu, kama wale wanaosema kwao ndiko ndizi ziliko. Kumbe mama hakutia chumvi. Ruvu inakusanya maji yake mengi kutoka milima ya Uluguru. Mto Morogoro, unaokatiza katikati ya mji wa Moro, unaingia mto Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayotunywesha sisi. Nikasema basi, nakwenda kuangalia nani huko juu anatumalizia maji. Shoga akasema hawezi kuniacha niende peke yangu nikaliwe na chui. Nilijua anafuata stroberi.

SAA KUMI NA MBILI KAMILI

Tuliondoka Dar Ijumaa jioni kwa treni ya umeme, ile ya SGR iliyoanza kubeba abiria wa Moro Juni 2024. Daraja la kawaida tulilipa shilingi 13,000 kila mmoja. Haikupita hata saa mbili tukawa tumefika, shoga hajamaliza korosho zake. Wajerumani walifikisha reli yao Morogoro mwaka 1907. Wangeiona hii wangeomba lifti.

Tukalala gesti ya mjini. Nilikuwa nimempigia simu mjomba, kaka yake mkubwa mama, anayekaa huko mlimani. Akaniambia saa kumi na mbili atakuwa mlangoni. Nikajua ni saa za Kibongo, yaani saa mbili. Wee! Saa kumi na mbili kamili mlango unagongwa. Mzee wa miaka 67 ameshashuka mlima mzima gizani, amevaa katambuga na koti la suti, mkononi ana kifimbo, hata jasho hana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwangu. Mlikuwa mmelala?"

Swali gani hilo jamani. Shoga alitoka na raba nyeupe pee, suruali ya kubana na chupa mbili za maji ya dukani, lita moja na nusu kila moja. Mjomba akazitazama zile chupa, akatazama mlima, akacheka kimya kimya mabega yakitikisika.

"Mnapandisha maji mlimani?"

Tukaanza. Asubuhi ya Agosti Moro kuna kibaridi, tena kile cha kukuingia kwenye mikono ya sweta. Mbele yetu Uluguru imesimama kama ukuta, juu imejifunika mawingu, chini mji ndio kwanza unaamka. Hilo ndilo linalowashangaza wageni wa Moro: mlima hauko mbali kama picha ya kalenda, uko pale pale mwisho wa barabara. Mtu anauza vocha, nyuma yake mlima.

Tukaukuta mto mjini, na sitawaficha, nilisikitika. Kijito. Maji ya kufika vifundoni, yanapita katikati ya mawe na mifuko. Vijana wawili wanaosha pikipiki zao ndani kabisa, mwingine anapiga mswaki hatua chache chini yao. Nikamwambia mjomba, "Huu ndio mto?"

"Huu ni mkia. Twende kichwani."

Tukashika njia ya Boma kupandisha. Kadiri unavyopanda, mto unabadilika tabia. Mifuko inapungua, mawe yanakuwa makubwa, na yale maji yaliyokuwa yakijikokota yanaanza kupiga kelele. Tukapita usawa wa Rock Garden, mahali ambapo watu wa Moro wamekaa juu ya mawe na kutumbukiza miguu mtoni kwa miaka mingi, wapenzi wawili wawili. Shoga akataka tuishie hapo hapo. "Mto si tumeshauona?" Mjomba hakugeuka hata nyuma.

Wakati sisi tunapanda, watu wa mlimani wanashuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba Moro huwa inalishwa kabla haijaamka. Kina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani, wenye matenga ya kabeji, karoti na nyanya, wanashuka mwendo wa kukimbia, shingo hazitikisiki. Wanakwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kingalu, kwa wasiojua, ni jina la watawala wa Waluguru wa upande wa Kinole, waliosifika kwa kuomba mvua. Kwa hiyo nyanya inashuka kutoka kwenye mvua inakwenda kuuzwa kwa mwenye mvua.

Na kila anayeshuka lazima asalimiwe. Huku hakuna kupishana kama watu wa Kariakoo. Unasimama, unasalimia, unaulizwa umelalaje, nyumbani hawajambo, na huyu mwenzio ni nani. Shoga alihesabu shikamoo 43 kabla jua halijatoka. Akasema miaka yake yote Sinza hajawahi kutoa hata nusu yake.

Mjomba njiani anapiga mluzi. Nikamuuliza ni wimbo gani, akasimama akanitazama kama nimemtukana. Morogoro hii, akasema, ni ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ni ya Morogoro Jazz, ni ya Mbaraka Mwinshehe aliyekufa kwa ajali ya gari huko Kenya mwaka 1979. Mjomba ujanani alikuwa akishuka mlima huu Jumamosi jioni na viatu begani, anavivaa akifika mjini, anacheza dansi mpaka alfajiri, halafu anapanda tena kuwahi shamba. Mimi nikienda muziki Kinondoni, Jumapili yote silioni jua.

UKIDONDOSHA NYANYA

Mlami ukaisha, na nyumba za bati zikaanza kupungua. Njia ikawa ya udongo mwekundu, nyembamba, inapanda bila huruma. Mji wa Moro uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Tunakokwenda ni Morningside, ubavuni mwa mlima, karibu mita 1,300. Hesabu ni rahisi kuliko miguu. Nilikuwa nakiita kilima. Mjomba naye anakiita kilima, lakini yeye ana haki, maana juu yake kuna Bondwa yenye minara ya mawasiliano, yenye mita zaidi ya 2,000, na huko kusini vilele vinapita mita 2,600.

Mashamba ya huku yameninginia. Sitanii, kuna mashamba ambayo ukidondosha nyanya inajipeleka sokoni yenyewe. Mtu analima mguu mmoja juu mwingine chini. Migomba, mahindi, maharage, magimbi, mipera, na matunda damu mekundu yananing'inia kama hereni. Mto unausikia upande wa kulia, huuoni, lakini unapiga kelele kama watu wanaogombana nyumba ya pili.

Nusu saa ya mpando, shoga ameshakunywa chupa ya kwanza na ameshamlaani kila aliyehusika na safari hii, mimi nikiwa wa kwanza. Raba nyeupe zimekuwa rangi ya tofali. Mjomba akatuhurumia. "Tupumzike bustanini kwangu," akasema, akakata kushoto kwenye kinjia, akavuka mto juu ya mawe kama anavuka sebule yake.

Bustani nzuri, jamani. Matuta ya spinachi, figiri, karoti, nyanya zimeegemezwa kwenye vijiti, na mistari mitatu ya stroberi ambazo shoga alizivamia bila hata kukaribishwa. Mto unapita pembeni pale pale. Mjomba anachota na keni yake, anamwagilia, anarudi. Ameifanya kazi hiyo kila kiangazi kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mimi nimekaa juu ya jiwe, natazama keni inavyozama mtoni, na kitu kikanigonga kichwani. Nikainuka. Nikatembea kutoka ukingoni mwa maji mpaka tuta la kwanza. Hatua nne. Mpaka tuta la mwisho, hatua kumi na tisa.

Msomaji wangu, hata kama hujui sheria nyingine yoyote ya mazingira, hii pengine umeshaisikia redioni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sababu haihitaji profesa. Ukilima mpaka ukingoni, masika udongo wote unateremka na maji, mto unajaa tope, na kiangazi hakuna kivuli wala mizizi ya kushika maji. Mimi nimetoka Dar na treni ya umeme kumtafuta anayetumalizia maji. Nimemkuta. Ni mjomba wangu, amenishikia bakuli la stroberi.

Nikamuuliza polepole, kwa adabu, "Mjomba, hawa wa mita sitini hawajafika huku?"

"Wamefika. Wamepima na kamba. Wakasema nihame." Akaonyesha kifimbo juu mlimani. "Ukipima mita sitini hapa unafika shambani kwa jirani. Nihamie kwa mke wa mtu?"

Shoga akacheka mpaka stroberi ikampalia. Mimi sikucheka, maana nilikuwa namtazama mjomba, na yeye hakuwa anacheka.

ADA YA KIDATO CHA KWANZA

Akakaa, akavua katambuga moja akaikung'uta.

"Mwaka 2011 ulikwenda bweni," akasema.

Nikasema ndiyo. Kidato cha kwanza. Ada ya bweni shule za serikali siku hizo ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na godoro, na ndoo, na madaftari, na orodha ndefu. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nakumbuka mama amekaa kitandani na ile orodha, anaikunja anaikunjua. Halafu siku moja simu yake ikalia mlio wa pesa, akasoma, akafuta uso na kanga, akasema, "Twende dukani." Hakusema zimetoka kwa nani, na mimi sikuuliza. Mtoto haulizi pesa zimetoka wapi, anauliza godoro ni la inchi ngapi.

"Zile zilikuwa nyanya," mjomba akasema. "Za kiangazi. Masika nyanya haina bei, kila mtu anayo. Kiangazi mwenye maji ndiye mwenye nyanya."

Basi nikabaki na stroberi mdomoni siwezi kumeza wala kutema.

Halafu akaniambia jambo ambalo mama hakuwahi kunieleza vizuri. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama. Ukoo wanauita lukolo, na mtoto ni wa lukolo la mama yake. Ardhi ya ukoo nayo inapita huko huko. Mjomba ana watoto wake wanne, lakini wao ni wa ukoo wa mama yao, wana ardhi yao huko. Hii bustani aliyolima miaka thelathini si ya wanawe. Ni ya mama yangu, yangu mimi, na ya watoto nitakaowazaa kama Mungu akipenda na wanaume wa Dar wakitulia.

"Kwa hiyo nilikuwa nangoja mmoja wenu aje," akasema. "Mimi peke yangu siwezi kuamua. Nataka kuacha kulima hapa chini. Nipande mikuyu, nipande na migomba kwa juu. Lakini nikishapanda mikuyu, nyanya za kiangazi hakuna tena. Na akitokea mtoto wa ukoo anakwenda bweni?"

Msomaji, mimi ni mwandishi wa mambo ya nywele na kumbi za starehe. Sikuja na jibu. Nikamwambia tupande kwanza, tutaongea tukifika juu. Akasema sawa. Wazee wa mlimani hawana haraka ya jibu, wana haraka ya kutembea.

BIBI NA MATUTA

Kutoka pale mpando unakuwa mkali zaidi, na ndipo mjomba alipoanza kusimulia. Nadhani anafanya makusudi, anajua sisi hatuwezi kujibu, pumzi hatuna.

Akasema msione mtu wa Uluguru ni mbishi mkiambiwa mambo ya udongo. Waingereza nao walikuja na jambo hilo hilo. Miaka ya 1950 walianzisha mpango wa kuokoa ardhi ya Uluguru, wakawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Udongo mzuri ukafukiwa, udongo wa chini usio na rutuba ukaja juu, mazao yakagoma. Na asiyechimba anapelekwa barazani. Mwaka 1955 watu wakachoka. Zikazuka ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa. Bibi yangu, mama yao mjomba na mama, alikuwa msichana wakati huo. Mpaka anakufa, akisikia neno matuta alikuwa anatema mate chini.

"Lakini angalia pale," mjomba akasema.

Nikaangalia. Shamba lake la juu, lenye mahindi, lina mistari ya mabingobingo imekatiza mteremko, mmoja juu ya mwingine, na nyuma ya kila mstari udongo umejikusanya ukawa kama ngazi. Amepanda mwenyewe. Hakuna aliyemshikia bunduki. Aliona kwa jirani udongo haushuki, na ng'ombe wanapata majani, akachukua miche akapanda. Akasema kama bibi angekuwa hai angeyaita majani tu, wala asingeyatemea mate.

Saa tatu na nusu tukafika Morningside. Usitegemee hoteli. Kuna nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani, kuta nene, imekaa ubavuni mwa mlima kama mzee kwenye baraza. Kuna majani ya kukaa, kuna hewa ambayo Dar ingeuzwa kwa kipimo. Shoga alijitupa chini chali, mikono kaitanua, akatangaza kwamba yeye amehamia hapo, nguo zake zitumwe.

Chini unauona mji wote wa Moro, mabati yanameta. Unaiona reli. Upande wa magharibi kuna bwawa la Mindu, ambalo nalo linazuia maji ya Ngerengere kwa ajili ya watu wa Moro wenyewe. Halafu ukigeuka nyuma, juu yako, unaanza msitu. Ule ndio hasa tunda la mlima. Tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, sehemu ya milima wanayoiita Tao la Mashariki. Ndani yake kuna ndege ambaye hapatikani pengine popote duniani ila humo. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa naangalia mawingu. Yanatoka bahari ya Hindi, yale yale yanayopita juu ya Sinza bila kutusalimia, yanafika hapa yanagonga mlima, yanakwama kwenye miti. Matone yanadondoka kwenye majani, yanaingia kwenye udongo mweusi unaobonyea kama sifongo, halafu yanatoka kidogo kidogo kiangazi chote. Ndiyo maana Agosti, mvua hakuna, mto bado unapiga kelele. Na kinachofika mjini ndicho kile kijito nilichokidharau asubuhi, baada ya kila mtu wa njiani kuchota cha kwake, nyanya zangu za kidato cha kwanza zikiwemo.

Shoga akataka kufungua chupa yake ya pili. Mjomba akamzuia, akampeleka kwenye kijito kinachotoka pale msituni, akamkingia kwa jani la mgomba. Shoga akanywa. Akanyamaza. Jamani, mnajua shoga hanyamazi. Akamwaga ile ya dukani akajaza ile.

MAMA AKAULIZA MWEMBE

Pale juu mtandao unashika kuliko chumbani kwangu. Nikampigia mama. Nikamweleza yote, mita sitini, mikuyu, nyanya. Mama akanyamaza muda mpaka nikadhani salio limeisha.

Halafu akauliza, "Ule mwembe pale kwenye jiwe bado upo?"

Nikamuuliza mjomba. Mjomba akasema upo, haujakatwa. Nikamwambia mama upo. Akasema, "Nipe kaka."

Wakaongea Kiluguru. Mimi Kiluguru naokota okota tu, kama mtu anayeokota shilingi gizani. Nilisikia jina la bibi, nikasikia wanacheka, nikasikia mjomba anasema ndiyo mara tatu. Akanirudishia simu.

Wameamua hivi. Matuta yote yaliyo karibu na maji yanaachwa, inapandwa mikuyu na migomba masika yanayokuja. Mjomba anahamishia bustani juu, pale kwenye mahindi yenye mabingobingo, alime mboga za wakati wa mvua. Nyanya za kiangazi zimekwisha. Na kwa kuwa nyanya ndizo zilizokuwa zikimpa mjomba sukari, dawa ya presha na michango ya misiba, kuanzia mwezi ule mama na mimi na kaka yangu aliyeko Mwanza tunachanga, kila mmoja kidogo, tunamtumia kwa simu. Mama alisema kwa sauti ile ya kufunga kikao, "Alikulipia, na wewe utamlipa." Sikuwa na hoja.

Sasa sitawadanganya kwamba Ruvu imeokoka kwa sababu ya hatua kumi na tisa za mjomba. Bustani kama ile tulizipita nyingi njiani, na kila moja ina mtoto wake wa bweni. Wenzake wengi hawana mpwa wa mjini wa kumchangia. Yule aliyekuja na kamba alipima mita tu, hakuuliza nyanya zinakwenda wapi. Nami ningekuja na kamba, nisingeuliza.

Tulishuka saa tano, na kushuka ndiko kulikoniua, ndiyo hivi vigimbi mnavyonisikia navilalamikia. Shoga alishuka nusu ya njia kwa makalio. Pale bustanini mjomba akatufungia stroberi kwenye majani ya mgomba, akaniambia nisije tena mikono mitupu. Nikauliza nije na nini, sukari? Akasema, "Jembe."

Mkitaka kwenda, sikilizeni. Anzeni mapema, saa kumi na mbili, kabla jua halijawawakia na mawingu hayajafunga. Vaeni viatu vyenye meno, na msivae nyeupe. Masika njia inateleza, kiangazi ndio wakati wake. Chukueni kijana wa mtaani anayeijua njia, mumlipe vizuri. Mkitaka kupita Morningside kuingia msituni, huko ni hifadhi: ulizeni kwanza ofisini kwao mjini habari ya kibali na mwongozaji. Mkikutana na kina mama wenye mizigo, pisheni nyie, maana wao hawawezi kusimama. Na shikamoo msizibanie.

Jumatatu nimerudi Sinza. Saa kumi alfajiri bomba likakohoa. Nyumba nzima tukatoka na ndoo. Shoga alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na kabla hajakinga akageuka akaniambia kwa sauti, wapangaji wote wakasikia, "Huyu mjomba wako leo kaamka mapema."

Tuonane wiki ijayo, kama miguu itakuwa imepona.